Marselino wa R, Malselino wa L

Jumatatu, 3 Machi 2025

Simu imeingia kutoka ofisini Geita. Uraia wa tajnisi umepita! Nimepiga kelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Niliingia nchi hii kutoka Burundi nikiwa mgongoni mwa mama. Miaka yote naishi kwa vibali vya kusogeza sogeza. Sasa basi! Masumbwe nzima watanijua.

Dada wa ofisini, anaitwa Raudha, kaniambia: mzee wangu, bado karatasi mbili. Moja ya kuukana uraia wa Burundi, nyingine ya kuapa uraia wa Tanzania. Jina uliandike mwenyewe kwa mkono wako, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha ukimbizi, halafu usaini. Likikosewa, cheti hakuna. Na kibali changu kinaisha mwisho wa mwezi huu huu.

Kuandika jina! Nimecheka. Mimi niliyewasainia wenzangu wote kule machimboni Segese siku shimo lilipotitia – kalamu mkono wa kulia, bega la kushoto limezuia mwamba! Watu waliona.

Mke wangu Paskazia hakucheka. Kasema tu, nisiende na makeke.

Jumatano, 5 Machi

Vumilia, mtoto wa dada yangu, yule mwalimu, kaja kunifanyisha mazoezi. Andika, Mjomba. Nikaandika. Ati Mjomba, hii nini? Umeandika Malselino! Nikamwambia ni mwendo wa kalamu tu. Akakaza uso kama niko darasani kwake: Marselino, Mjomba, R ya rafiki.

Hajui. Nilipoanza shule hapa nilikuwa nasema nataka kurara, nipe chakura. Kwetu L ilikuwa haitutoki. Watoto wa Kisukuma wakanizomea: mkimbizi, nenda ukarare kwenu! Na wao R haiwatoki hata kwa dawa – lakini walikuwa wengi. Basi nikaing'oa R mdomoni mwangu. Wiki moja tu, nani mwingine angeweza? Nikawapita wenyewe. Habali. Balabala. Mwalimu akaita Malselino, nikaitika Malselino. Kanisani hivyo, machimboni hivyo. Hakuna aliyenizomea tena.

Nimeandika Marselino ukurasa mzima. Mkono unauma.

Ijumaa, 7 Machi

Sina hamu ya kuandika. Lakini niandike.

Raudha ni mpole, lafudhi ya Tanga, amefunga Ramadhani, midomo imekauka. Shikamoo mzee. Marahaba. Akanipa kwanza karatasi ya kuukana. Mkono ukawa mzito kama nimebeba kiroba cha mawe. Nikamkumbuka baba, aliyekuwa anataja mlima wa kwao mpaka siku anakufa. Nikaandika polepole. Marselino. Sijawahi kuandika R nzuri namna ile, imesimama na mguu wake. Nikasaini. Muhuri ukagongwa, karatasi ikapelekwa chumba cha pili.

Kikaja kiapo. Nikasimama, nikainua mkono, nikaapa kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje walichungulia dirishani. Wakapiga makofi! Nikakaa. Macho yakajaa maji – vumbi la Geita lile – nikaandika haraka, nikasaini, nikauvuta mkia wa saini yangu mrefu. Mkia ule benki ya Kahama meneja alimwita mkewe auone.

Raudha kaangalia. Halafu taratibu: mzee wangu, aliyekana ni Marselino. Aliyeapa ni Malselino. Kwenye faili hawa ni watu wawili.

Nikasema, futa. Kiapo hakifutwi, mzee. Basi nirudishie ile ya kwanza! Ile imeshapokelewa, hairudi.

Yaani Burundi nimetoka. Tanzania kaingia mtu mwingine.

Dawa ipo, kasema. Niende kwa hakimu nikaape kwamba majina yote mawili ni yangu, na lipi ndilo lenyewe. Hakimu atauliza kwa mdomo. Nijibu kwa mdomo.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa shemeji yangu Jilala kanidaka mbele za watu. Shemeji, huko siyo kwako tena, huku bado – tukufuge? Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Nikawaambia Geita wamekwama kwa sababu wanatafuta wino wa dhahabu wa kuandikia cheti changu. Hakuna aliyebisha. Hata Jilala. Akanishika bega, akasema, twende shemeji, ukanywe uji.

Bora wangebisha.

Jumatatu, 10 Machi

Vumilia kasema niseme la R, maana ndilo lililo kwenye kitambulisho. Sawa. Nimejaribu nyuma ya nyumba. Mar– imetoka L. Tena. L. Nimekunja ulimi, nimekohoa, nimeng'ata meno. Ikatoka moja! Ya pili ikagoma.

Paskazia alikuwa anasikiliza mlangoni. Nikamwambia, na wewe niite, nizoee. Akajaribu. Malselino. Malselino. Akaanza kulia. Ati huyo wa R hajawahi kuishi naye, atamwitaje.

Nikamfuta machozi kwa upindo wa kanga yake. Mimi!

Jumanne, 11 Machi

Mahakamani. Benchi ni la mbao, limejaa. Naandika huku nasubiri kuitwa. Vumilia yuko pembeni yangu, kaomba ruhusa shuleni. Kila mara ananinong'oneza, R, Mjomba. Nasema kimoyomoyo. Kimoyomoyo inatoka safi kabisa, kama ya baba.

Kaitwa mama wa mirathi. Katoka. Kaitwa mwingine wa shamba.

Karani ni Msukuma, mtu mzima, miwani puani. Kaangalia faili. Kaita: Malselino!

Vumilia kanishika mkono. Usiitike hiyo, Mjomba, mwambie kwanza arekebishe, hakimu anasikia.

Kaita tena.

Miguu imeshasimama yenyewe.