Mgao wa Minazi ya Kaka

Alhamisi, Novemba 1954. Nguvumali.

Mvua ya vuli ilinyesha alfajiri ikakatika kabla jua halijapanda. Mchana kutwa mawingu yamekaa palepale, joto limeganda, nguo zilizoanikwa hazikauki. Nami nimekuwa hivyo hivyo. Si mgonjwa, sina homa. Nikiwekewa chakula nakula, nikiachwa nanyamaza.

Arobaini ya kaka Bakari ilisomwa juma lililopita. Bado sijalia. Watu wananisifu kwa subira, nami nawaacha wasifu, maana sijui jina jingine la hali hii.

Leo tumegawa minazi yake. Naandika kwa sababu nimeulizwa swali nikashindwa kulijibu, na jibu lake linatakiwa kesho.

Nianze na shamba lenyewe, ili mambo yafuatane. Baba yetu alikuwa na minazi themanini katika njia ya Pangani, yote aliipanda kwa mkono wake. Ardhi ilipomwishia alifyeka pori lililokuwa mbele yake, akaendelea kupanda. Alipofariki tulikuwa tumebaki wawili tu, kaka na mimi. Tukagawana nusu kwa nusu, arobaini kwake, arobaini kwangu. Hapakuwa na maneno. Tulichoma mihogo palepale, tukala, tukarudi mjini kabla ya adhuhuri.

Kaka ameacha mjane, vijana watatu na binti mmoja. Kwa sheria ya mirathi mjane huchukua sehemu moja ya nane, na kinachobaki kila mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Hesabu ilinyooka vizuri, yakatoka mafungu manane ya minazi mitano mitano. Moja la mjane, moja la binti, mawili mawili ya vijana. Mimi ndugu wa marehemu sina changu humo, kwa kuwa ameacha wana, ndiyo sababu nilifaa kuwagawia.

Hapa kwetu, ili pasiwe na lawama, hupigwa kura. Kila mrithi hutoa kitu chake kidogo, na mtu asiyejua kipi ni cha nani huviweka kimoja kimoja kwenye mafungu. Leo aliyeviweka ni mkwezi wetu. Bi Mwanajuma, mjane wa kaka, yuko edani na hatoki, kwa hiyo alinipa pete yake. Binti alileta ushanga. Omari, kifungua mimba, alikata vifungo viwili vya shati lake kuukuu, na mdogo wao akatoa kokwa mbili za tende.

Salehe, mtoto wa pili, hakutoa kitu.

"Lete kura yako," nikamwambia.

"Ami, mimi usinitie. Mafungu yangu mpe mama."

Omari akacheka. "Mwacheni tajiri! Ana darasa la nane, atakula vitabu."

"Utakula nini, Salehe?" nikamuuliza.

"Nimeandikwa kazi mkongeni, Ami, ng'ambo ya Muheza. Naanza Jumatatu."

"Karani," akasema Omari.

"Kukata."

Omari akaacha kucheka.

Mtu wa mbali akisoma haya hataona ajabu. Mkonge umetuzunguka, ndio unaolisha bandari na reli ya Tanga. Lakini sisi wa pwani hatuukati. Kazi hiyo ni ya manamba, watu wanaoletwa kwa mikataba kutoka nchi za mbali, wanaolala kambini na kusubiri kipande, ile kadi ya siku za kazi, kijae ndipo walipwe. Mtu wa pwani atamuuzia manamba samaki, atamshonea shati, atamsomeshea mwanawe. Kushika panga pamoja naye hataki. Sijapata kusikia mtu akieleza kwa nini, na mimi ninayependa kueleza kila kitu, hilo sikulieleza kamwe.

Mzee Kombo, mshona kanzu, alikuwapo kama shahidi. Salehe amemposa binti yake, Mwanaisha, na posa ilikubaliwa kaka angali mzima. Alikuja aone kwa macho yake kile ambacho mwanawe atakwenda kukila. Simlaumu. Baba yeyote angekuja. Alikuwa amesimama kando na mwavuli wake umefungwa.

"Mwalimu," akaniita. "Nimesikia vizuri?"

"Umesikia."

"Mimi nilipokea posa ya mtoto wa mwenye shamba. Manamba sikumpokea. Wewe ndiye baba yake sasa. Mwambie asiende."

"Na akienda?"

"Akienda, posa yenu nairudisha. Mwanangu hatachekwa kisimani."

Salehe akamwuliza kwa adabu, "Mzee Kombo, nimekosa nini?"

"Hujakosa, mwanangu. Ndiyo mbaya zaidi. Ungekuwa umekosa, ningekusamehe."

Nikaokota kijiti. Ndivyo nilivyo, jambo likinishika naeleza. Nikachora mchangani mbele ya Mzee Kombo. Baba, themanini. Kaka, arobaini. Salehe, kumi. Nikamwambia, tuseme Salehe amemwoa Mwanaisha, amezaa naye kama alivyozaa baba yake, vijana watatu na binti mmoja, kisha siku moja naye amefariki. Mjukuu wako wa kiume atapata minazi miwili na nusu. Wa kike, mmoja na robo.

"Robo ya mnazi ndiyo kitu gani?" akauliza. "Kuti?"

"Ndiyo hesabu."

"Wapande mingine!"

Nikamwonyesha kwa kijiti kilekile. Upande wa juu, jiwe la mpaka, na baada ya jiwe mistari ya mkonge mpaka macho yanapochoka. Upande wa chini, mikoko na maji ya chumvi. Baba alikuwa na pori mbele yake. Salehe ana jiwe.

Mzee Kombo akautazama mchanga. "Futa," akasema. "Watu wanapita."

Nikafuta kwa mguu.

"Nimekuomba neno moja," akaendelea, "umenipa darasa. Basi nikuulize kwa njia nyingine. Kijana huyu angekuwa si damu yenu. Aje na panga lake la mkonge kumposa Zuhura wako. Utampa?"

Zuhura ni binti yangu wa mwisho. Nikafungua kinywa, nikajisikia nikieleza jinsi bei ya katani ilivyokuwa juu miaka michache iliyopita na jinsi ilivyoshuka. Mzee Kombo akafungua mwavuli wake, ingawa mvua haikuwapo.

"Kesho, baada ya swala ya Ijumaa," akasema. "Ndiyo au hapana."

Akaondoka. Mkwezi akaweka kura, kwa Bi Mwanajuma tukaongeza vijiti viwili juu ya pete yake. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kumwachia mwenzake haki yake, sheria haimkatazi. Nililisema hilo kwa sauti, wala hapakuwa na aliyeuliza.

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu, watu hunijia barazani kuniuliza kama zamani ilikuwa bora. Huwapimia pande zote mbili. Nawaambia, sisi tulizikwa wengi kwa ndui, leo ipo sindano. Vijana wa rika langu walichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya wazungu, wengine hawakurudi, na walio nyumbani wakala mizizi. Salehe ana viatu. Alipokewa na mkunga aliyesomea kazi yake. Ukilinganisha mateso, sisi tulipata makubwa zaidi, na sikubali mtu aseme vinginevyo.

Lakini mateso ni kitu kimoja na njia ni kitu kingine. Sisi njia tuliiona. Mtu akipanda, alijua atakwea. Mimi nilimaliza darasa la nne wakati wa Mdachi, mtu mzima akanifuata nyumbani kwa baba, kofia yake mkononi, akiomba nikafundishe. Salehe amesoma mara mbili yangu. Ameandika maombi bandarini, relini, bomani, kwenye maduka ya Wahindi. Pote husemeshwa dirishani, mlango haufunguliwi. Vijana wa darasa la nane siku hizi ni wengi, na viti vya ukarani ni vilevile.

Barazani wazee wenzangu husema vijana wamekuwa wavivu. Ningependa kulishika neno hilo, maana linapumzisha. Kijana akiwa mvivu, hapo hakuna swali tena.

Salehe si mvivu.

Jioni nilimkuta Zuhura uani akikuna nazi. Nikamwambia alichoniuliza Mzee Kombo. Mkono wake haukusimama.

"Ukamjibuje, Baba?"

"Nilimweleza."

"Ulimweleza nini?"

"Bei ya katani."

Akacheka mpaka akaiweka nazi kando. Mimi nilitaka kucheka naye, nikaona kicheko hakipo, kama mtu anayepapasa mfuko mtupu wa kanzu. Kisha akasema, "Nilipita kwa mama mkubwa Mwanajuma mchana. Salehe ameshanunua panga. Amelizungushia gazeti, amelifunga kwa kamba kama mkate. Anasema Jumatatu akienda kwenye basi watu wasilione."

Nikaingia ndani, na sasa naandika.

Ningempa Zuhura?

Nisingempa. Nimeliandika ili nilione. Asubuhi ya leo, angekuja kijana nisiyemjua na panga la mkonge, ningemkaribisha, ningempa kahawa, ningemweleza mambo mengi mazuri juu ya heshima ya kazi, na mwisho wake nisingempa. Kisima kile anachokiogopa Mzee Kombo, nami nakiogopa.

Basi ningempa nani? Nimewapitia wote ninaowajua. Yupo mwenye duka la baba yake. Yupo karani mmoja wa bandarini, mwenye kiti, anayekunywa. Yupo Omari wetu, mwenye minazi kumi tangu leo, ambaye alipomsikia mdogo wake akimwachia mama mafungu yake hakufikiri kwamba na yeye angeweza. Salehe alijua minazi kumi haimtoshi yeye na mke, ila kumi juu ya mitano itamtosha mjane mmoja asiombe kwa mtu. Hesabu hiyo aliifanya peke yake kabla ya kufika shambani. Mimi niliyemfundisha kujumlisha, niliifanya baada yake.

Ningempa.

Nimelitazama neno hili tangu wino ulipokauka. Halinipi furaha wala uchungu. Kaka angekuwapo angekasirika, kisha angekubali, kisha angejisifu kwamba wazo lilikuwa lake. Hata kulikumbuka hilo hakukunitoa chozi. Labda litakuja baadaye, labda halitakuja. Mzee Kombo hakuniuliza ninajisikiaje.

Kesho tukitoka msikitini nitamwambia ndiyo, kisha ninyamaze, jambo ambalo sijapata kulifanya mbele ya watu. Anaweza kurudisha posa hata hivyo. Binti ni wake.

Na Jumatatu, posa ikiwapo au ikivunjika, nitamsindikiza Salehe mpaka kwenye basi la Muheza. Tutapita njia kuu, mchana, wakati baraza zote zina watu. Panga nitalishika mimi mkononi, na lile gazeti nitaliacha nyumbani.