Mbuzi wa Matanga Yako

Baba Maro,

Naandika mwenyewe, kwa hiyo usicheke mwandiko. Jambo hili limenikaa kifuani tangu tulipoanua matanga yako, na humu nyumbani hakuna tena wa kunigombeza.

Siku ile mwanao Maro alitaka tununue nyama bucha ya Garsen. Nikamuuliza kama ana akili. Nyama imeletwa juani, imejaa nzi, hujui mnyama alikuwa anaumwa nini, na zizini kwa baba yake mbuzi wamejaa? Ukichinja wako, unamjua tangu azaliwe. Unapata matumbo, kichwa cha supu, mafuta, ngozi. Maneno hayo ni yako, kila Krismasi, mpaka nikachoka.

Tukamtoa yule dume mwekundu. Kisu nilikinoa mimi. Tukamngoja rafiki yako Barisa aje akate, kama alivyotukatia wanyama wote tangu tuoane, ili Waislamu na Wakristo wale sufuria moja. Jua likapanda, Barisa haonekani. Maji yamechemka, kuni zinaisha. Watu wakaanza kunong'ona kwamba tangu ufe, nyumba hii imeshindwa hata na mbuzi. Hilo liliniuma. Nikamlaza, nikakata.

Nilifanya vizuri, sitadanganya. Nyongo haikupasuka, ngozi haikutoboka.

Barisa akafika wali unaiva, yeye na mkewe na kibuyu cha maziwa. Ng'ombe wake alikuwa amezama kwenye tope la mto. Akauliza, "Nani amekata?" Nikasema mimi. Nikamwambia basi kuna jogoo, amkate yeye. Akasema, "Acha, Mama Maro. Nimeshiba." Mtu ametoka kuvuta ng'ombe topeni tangu alfajiri, ameshiba nini? Akakuombea dua, akaenda, na Waislamu wote wakamfuata. Angenigombeza ningejua la kumjibu.

Mwezi wa pili huu haji. Maziwa hayaji. Wachungaji wake hawanisalimii, na ng'ombe aliokuwa akiwazuia mwenyewe sasa wanapitishwa ukingoni mwa shamba letu. Jumanne waliingia migombani. Maro akachukua panga, nikamnyang'anya. Unakumbuka ile miaka watu wa mashamba na watu wa mifugo walipochomeana nyumba? Wewe na Barisa mlikaa mlangoni kwetu mkala sahani moja mchana kweupe, kila mtu aone. Hicho ndicho nilichokiharibu, kwa kushindwa kungoja saa moja. Na wewe nawe ulinifundisha kunoa na kuchuna, kungoja hukunifundisha.

Kesho nakwenda kwake kwa miguu, na hii miguu ilivyovimba. Nampelekea yule dume mweupe, mzima, akate yeye, tule kwake. Akinikataa narudi na mbuzi wangu, na Ijumaa nakwenda tena. Nitamwambia nimekosa. Wewe neno hilo hukuwahi kulipata kwangu. Mara moja ulilingoja siku nne bila kusema nami, ukashindwa, ukaomba chai.

Nikishaliweza kwa Barisa, nakuahidi nitapita kaburini nikuambie na wewe.

Pumzika, mume wangu.

Mama Maro