Nembo ya Chuo Kilichofungwa Bado Iko Kwenye Koti la Binti Yangu

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu tu uendelee kusoma, maana nimekusanya maneno ya mwaka mzima na nisipoyamwaga kwako leo nitammwagia mteja, na mteja hana kosa.

Mimi ni fundi cherehani, na wala sijisifu, ulizia mtaani kwetu nani hushona koti likakaa begani kama limezaliwa hapo, utaletwa kwangu moja kwa moja. Shule niliishia darasa la tano, lakini nina binti mmoja ambaye Mungu alimpa akili za watu wanne, tangu mdogo alikuwa ananihesabia vifungo kwenye kopo kwa macho tu bila kuvimwaga, na alipomaliza sekondari akachukuliwa na chuo cha ufundi wa maabara, kile cha binafsi kilichokuwa ghorofani juu ya duka la rangi, nami nikajiona nimepanda ghorofa hiyo pamoja naye.

Zile zilikuwa siku, mshauri. Mkurugenzi wa chuo alishuka ngazi mwenyewe akaja kibandani kwangu akaagiza makoti meupe ya wanafunzi wote arobaini pamoja na nembo ya kifuani, hadubini imezungukwa na majani mawili, na akaanza kuniita Mama Chuo, mtaa mzima ukafuata. Nembo za wenzake nilizidarizi kwa cherehani, ya binti yangu niliidarizi kwa mkono, uzi wa hariri, siku nne nimeinama, na ukiigeuza nyuma huoni fundo hata moja. Nilipokuwa napeleka makoti nilipanda zile ngazi zinazonuka rangi mbichi nikasimama mlangoni nikawasikia wanakariri majina ya vijidudu kwa sauti moja kama kwaya, na ingawa hadubini zilikuwa tatu na inayoona ni moja tu, mwalimu wao wa maabara, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya sikioni, hakumruhusu mtu kutoka kabla hajachungulia. Siku moja akaniita, "Mama Chuo, pita ndani uone," binti yangu akaweka kipande cha uzi wangu pale chini, nikachungulia, nikaona kamba nene ina nywele nywele kama mkia wa ng'ombe. Nikasema, "Huu si uzi wangu, wangu ni laini." Darasa zima likaangua kicheko, binti yangu akacheka mpaka akajishika tumbo, na mwalimu akaniambia, "Binti yako ana jicho, mama, na jicho hilo sikumpa mimi." Mpaka leo nikitunga uzi kwenye sindano nasikia kile kicheko.

Kila Jumapili jioni nililipiga koti lile pasi, nikianza na kola nikimalizia na mfuko, yeye anasoma madaftari yake kwa sauti na mimi nasikiliza vitu nisivyovielewa, na nakwambia kweli, sijawahi kuwa na Jumapili nzuri kuliko zile.

Halafu mwaka jana, imebaki mihula miwili tu amalize, wakafika asubuhi wakakuta mnyororo getini na karatasi ya ofisi inayosimamia vyuo, kwamba chuo kimefungwa kwa sababu kozi ile haikuwa na kibali. Mkurugenzi simu haipatikani, mwalimu hata yeye alikuwa amesimama pale nje na mfuko wake wa chaki hajui lolote. Na hapo, mshauri, ndipo nilipoharibu mimi. Nilikuwa nimeshamtangaza binti yangu kwa kila mteja niliyempima kiuno, nikaona nitauweka wapi uso wangu, basi waliponiuliza nikajibu, "Aa, wangu walimhamisha mapema, yuko hospitali anafanya mafunzo kwa vitendo." Neno likishatoka utalirudishaje? Ikabidi binti atoke nyumbani kila asubuhi kwa mlango wa mbele amevaa koti, watu wanamwita "Daktari huyo!", yeye anawapungia mkono, kisha anazunguka nyuma ya duka la rangi anaingia kibandani kwangu kwa mlango wa nyuma, analivua koti analitundika, anakaa nyuma ya pazia la vitambaa akipinda nguo na kushona vifungo mpaka jioni. Hakulalamika. Nilimwambia ni wiki mbili tu, chuo kitafunguliwa, maana mlinzi wa pale aliniambia Mkurugenzi atarudi na jina jipya. Zikawa wiki mbili, ikawa miezi kumi na moja.

Mwezi uliopita alikuja jirani yangu msusi kupimwa gauni. Binti yake naye alisoma chuo kilekile, na ni mimi niliyemshawishi ampeleke. Nikiwa namzungushia futi kifuani, nyuma ya pazia ikapigwa chafya.

"Fundi," akasema, "umefuga paka mwenye mafua?"

"Ni cherehani hiyo, inataka mafuta."

Ikapigwa ya pili.

"Basi cherehani yako ipeleke hospitali, si una daktari huko."

Pazia likafunguka. Binti yangu akatoka na vipande vya uzi vimejaa kwenye nywele. "Shikamoo mama mdogo. Ni mimi, na nipo hapa siku zote."

Nilitegemea msusi atacheka mtaa mzima usikie, lakini hakucheka, alikaa kwenye kiti cha wateja futi bado imemzunguka. "Wangu alianza upya mwaka jana kwenye chuo cha serikali," akasema. "Mwaka wa kwanza, na watoto wadogo, sasa anaingia wa pili. Nilitaka waende pamoja na wako. Nimekuja hapa mara tatu, Mama Chuo, kila nikija unanipa habari za hospitali, nikaona haya kukwambia kwamba wangu ameanza moja. Nikaondoka."

Tangu siku hiyo binti yangu akaomba nafasi mwenyewe, barua ikaja, amepokelewa aanze mwaka wa kwanza, kuripoti ni mwisho wa mwezi ujao. Akaniletea fomu ya mzazi niweke sahihi, na koti. "Mama, nifumulie nembo. Kule hawataki nembo ya chuo kingine." Nikamwambia hiyo nembo ni kazi ya siku nne na hata shetani hawezi kuitoa bila kuacha alama, na kwa nini arudi nyuma miaka miwili akakae na watoto wakati mlinzi anasema Mkurugenzi atarudi? Akaniangalia. "Usiponifumulia, nitanunua la dukani." La dukani, mshauri! Mtoto wangu mimi! Nikasema basi, kama ni hivyo usiende.

Sasa tunaongea kwa "shikamoo" na "chakula kipo mezani" tu. Fomu iko kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini za uzi, inatakiwa irudi kabla ya mwezi kuisha. Kila jioni nachukua wembe, naushika juu ya ile nembo, mkono unagoma. Je, nisaini, au tuvumilie kidogo? Usinionee huruma, nijibu kama ndugu.

Wako, Mama Chuo.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mama. Nimekuzidi umri, kwa hiyo tulia uambiwe.

Kwanza nikupe haki yako. Nimesoma pale kwenye kipande cha uzi mara mbili, na mimi nimecheka na darasa lile. Ulimpenda mtoto wako kwa kola na kwa kifungo, na hakuna wa kukunyang'anya Jumapili zile. Wewe hukufunga chuo. Mlidanganywa, na waliowadanganya walijua wanachofanya.

Lakini miezi kumi na moja nyuma ya pazia ni kazi yako, si ya Mkurugenzi. Umemficha binti mwenye akili za watu wanne kama kitambaa chenye doa. Angetoka na binti wa msusi, leo angekuwa anaingia mwaka wa pili. Mnyororo ulimpotezea kozi, ulimi wako ukamwongezea mwaka. Limekuuma? Ndiyo, nilitaka likuume, halafu tuendelee.

Mlinzi achana naye. Anachokilinda ni mnyororo, na mlinzi wa mnyororo lazima aseme kuna kitu kitarudi. Hata Mkurugenzi akirudi na majina matatu mapya, mtoto wako asikanyage ngazi zile.

Ukimaliza kusoma hapa fungua droo, toa bobini, saini fomu. Usingoje kesho, isaini leo. Kisha mwambie binti akusanye barua ya kupokelewa, matokeo ya mitihani na madaftari yote, mwende ofisi inayosimamia vyuo, na pia chuo kipya, muulize kama wanaweza kumpima na kumpunguzia masomo aliyoyasoma. Wanaweza kukataa, kwa hiyo msisubiri jibu, siku ya kuripoti aripoti. Na mtafuteni yule mwalimu wa miwani ya waya, awaandikie kwa mkono wake alichomfundisha. Mkurugenzi alikudanganya kuhusu kibali, mwalimu hakukudanganya kuhusu jicho. Jicho hilo mwanao ataingia nalo mwaka wa kwanza, na hao watoto wadogo watamkimbilia wao.

Gauni la msusi lipeleke mwenyewe nyumbani kwake. Mwombe radhi kabla hajalijaribu, na umwombe binti yake amsindikize wako siku ya kwanza. Wateja wakiuliza za hospitali, wajibu, "Nilisema uongo, anaanza upya." Watasema wiki moja. Wewe umewasemesha miezi kumi na moja, wiki moja utaiweza.

Sasa nembo. Unaniambia wewe, fundi ambaye nyuma ya kazi yake halionekani fundo, kwamba hujui kuifumua? Unajua. Ifumue kwa ndani, uzi mmoja mmoja, na binti akae karibu yako asome madaftari yake kwa sauti kama zamani. Vitundu vitabaki. Loweka koti, lipige pasi likiwa na unyevu, mwaka ukigeuka vitakuwa vimejifunga. Ule uzi wa hariri usiutupe, uviringe uuweke kwenye kopo la vifungo.

Asubuhi ya kuripoti mvalishe koti wewe mwenyewe, umnyooshe kola, umfungulie mlango wa mbele. Kisha simama hapo kizingitini umtazame mpaka apite lile duka la rangi bila kukata kona.