Aliyoyasikia Mshauri

4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na watoto hamjambo. Mimi naendelea vizuri. Asante kwa kunipeleka kwa huyo mshauri nasaha, rafiki yako mliyesoma naye. Tangu tumzike baba, nikishika mkasi pale saluni nakata nywele ovyo, wateja wakaanza kumkimbilia mwenzangu. Sasa angalau usingizi unarudi. Feni ya ofisini kwake inalalamika kuliko mimi! Nimemwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila moyo unaniuma. Baba alikuwa mkali, sawa, lakini alitulea. Mtoto gani anashusha pumzi kwa raha baba yake akikata roho? Usirudie tena maneno hayo.

Dada yako

25 Machi

Dada,

Shikamoo. Maneno hayo niliyasema mara moja tu, mlango umefungwa, mbele ya rafiki yako. Nimemfuata. Akacheka: "Jamani, dada yako ni mtu baki?" Nikamuuliza, "Na ya mkanda wa baba umemwambia?" Akaanza kupanga karatasi zake. Nijibu wewe basi. Unajua nini?

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salama? Usinikasirikie. Kila ukitoka kwake nilimpigia simu, niliogopa utajidhuru. Najua yote. Ya mkanda siyaamini. Mimi baba hakuwahi kunipiga. Nimemuuliza mama, naye analia tu tangu juzi. Rudi kwa mshauri, mwambie ulichanganyikiwa.

Dada yako

11 Juni

Dada,

Shikamoo. Poleni na mvua. Barua zako zote nimezipata.

Kama ulivyosikia, nimepata mshauri mwingine, nimemtafuta mwenyewe. Kwanza nilikwenda kwa mmoja akanihubiria, nikaenda kwa mwingine akawa anachungulia simu. Nikawaaga. Huyu wa sasa ni mama mtu mzima. Nilimuuliza nikiwa bado nimesimama: "Nikisema humu ndani, nani mwingine atasikia?"

Akasema, "Hakuna. Nikiona uhai wako uko hatarini nitatafuta msaada, na wewe ndiye utakayejua kwanza."

Nikakaa.

Ya baba nilichelewa kumwambia. Nilipomwambia, hakumtetea, wala hakuniambia nisamehe. Aliuliza tu, "Ulikuwa na umri gani?" Dada, wewe hukuniuliza hata hilo.

Katika barua yako ya mwisho unataka jina lake, eti umpe salamu na kumshukuru. Wewe ni dada yangu, na dada yangu utabaki. Jina sikupi.

Msalimie mama.

Mdogo wako