Kilo Tisa na Kabati la Milango Mitatu

Jumatatu, 3 Machi

Mizani ya kliniki haina adabu. Nimevua viatu, nimevua mkanda, nimetoa futi na funguo mfukoni — bado kilo tisa juu ya zile za Septemba, kabla ya sindano ya kwanza. Muuguzi kaandika bila kucheka. Ningekuwa mimi ningecheka.

Daktari kanieleza tena, taratibu. Saratani ya tezi dume inashiba kwa homoni ya kiume. Sindano inazima homoni, saratani inabaki na njaa. Safi! Kipimo cha damu kimeshuka karibu na sifuri. Ila homoni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inashikilia misuli yangu. Sasa misuli inafungasha virago na mafuta yanahamia. Kitambi nimepata, mapaja nimepoteza, na kifua — tusiongelee kifua.

Halafu nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa umri wa kitindamimba wangu. Kaa kwenye kiti, simama, kaa, usishike popote, nusu dakika. Nimepata mara tisa. Mtu wa miaka sitini na tatu, anasema, angalau kumi na nne. Yaani mimi ninayetengeneza viti, kuinuka kwenye kiti kumenishinda! Akauliza kazi yangu. Seremala. Na je, baba, bado unabeba vitu vizito? Vidogovidogo tu, nikasema. Uongo mtupu.

Kanipa daftari hili niandike chakula na mazoezi. Nitaandika ninayotaka. Litakaa karakana, chini ya misasa, ambako hakuna anayefukua isipokuwa mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Chakula: mayai mawili, maharage, mkate (mwingi). Mazoezi: kukaribia kufa.

Tulikuwa tunapandisha meza ya chakula ghorofa ya pili, mimi na Msumari. Msumari ni kaka wa mke wangu, na ni mwenzangu wa karakana miaka ishirini na miwili. Mwembamba, mrefu, kichwa kidogo — jina lilijileta lenyewe. Kanuni yetu haijawahi kubadilika: kwenye ngazi yeye anashika juu, mimi nashika chini. Wa chini ndiye anayebeba. Wa juu anaongoza njia na kutoa amri. Wa chini akiachia, mzigo unamlalia yeye na kumvuta wa juu aje naye.

Leo niliachia. Ngazi moja tu! Msumari akang'ang'ania, meza ikasimama. Nikasema kiatu kimeteleza. Akakitazama kiatu changu muda mrefu, akasema hicho kiatu nacho kimezeeka.

Kwake mimi nina presha. Ndivyo nilivyomwambia, na mke wangu nimemwapisha asifungue mdomo. Kwa nini? Kwa sababu nakumbuka yule mzee wa makochi tuliyefanya naye kazi zamani. Mgongo ulipomwisha tulimpa stuli pembeni, awe anapiga msasa vishikio vya droo. Tukamwita Mkurugenzi wa Vishikio. Nani aliyemtungia jina hilo? Mimi. Nilicheka sana.

Sitaki ile stuli.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepata ujanja. Kila kiti tunachomaliza, nakijaribu: kaa, simama, mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Msumari anadhani ni ukaguzi wa ubora. Kamwambia mteja kwamba siku hizi fundi mkuu hatoi kiti mpaka akisulubu. Mteja kaagiza viwili zaidi.

Vyuma vya kunyanyua sina, natumia makopo ya vanishi. Moja kila mkono, nikisingizia kwamba nayapanga. Yamepangwa upya mara saba wiki hii.

Joto limenishika nikiwa nayo juu ya kichwa — lile la ghafla la sindano, linaloanzia kifuani na kunilowesha mpaka soksi. Nikavua shati. Mke wangu aliyekuwa ameleta chakula akanitazama kifua, akauma mdomo. Sema tu, nikamwambia. Akasema hana la kusema, ila anazo sidiria mbili asizozitumia. Tulicheka mpaka Msumari akazima mashine ya randa kuuliza kuna nini.

Mayai matatu leo. Nimekula mayai mengi kiasi kwamba naona aibu kupita mbele ya kuku.

Jumanne, 1 Aprili

Nusu kilo imeongezeka. Imeongezeka!

Nimekula nusu keki peke yangu na kumsingizia mjukuu. Ana miaka miwili, hawezi kujitetea. Halafu redioni likaja tangazo la sabuni, mama anamfulia mwanawe shati la shule, na mimi nikalia. Kwa tangazo la sabuni.

Naogopa. Niandike tu, hapa hakuna anayesoma. Kufa sikuogopi kama ninavyoogopa kuwa mtu wa kubebewa.

Ijumaa, 11 Aprili

USHINDI!

Kabati la droo tano, ghorofa ya tatu, mimi chini. Limepanda kama kitambaa! Sikupumzika hata mara moja. Msumari kalifunga blanketi na kamba kama kawaida, kazi ya kufunga ni yake, akasema haya shemeji, twende — na tukaenda. Nilipofika juu nilikuwa napiga mluzi.

Mayai yamejibu! Makopo yamejibu! Nilimwambia mke wangu mara tatu. Akasema hongera, macho yake kwenye nguo alizokuwa anakunja.

Jumatano, 23 Aprili

Rafu ya vitabu juzi, nayo nyepesi kama karatasi. Nimekuwa simba.

Kliniki: kiti mara kumi na mbili. Binti wa mazoezi kafurahi, ila nilipomsimulia nguvu zangu mpya alikunja uso. Anasema misuli hairudi haraka hivyo mtu akiwa kwenye sindano, kwa sasa tunapigana isiondoke zaidi. Nikamhurumia. Vitabu vimemharibu, simba hajamwona.

Tumepata kazi kubwa. Mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke wa sauti kubwa, anataka kabati la nguo la milango mitatu, mninga mtupu, ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Msumari kasema tutafute wapagazi. Wapagazi! Nikamjibu mbele ya mteja kwamba sisi hatujawahi kupandishiwa kitu. Jumamosi ya tarehe kumi tunaleta wenyewe. Na kwa kuwa nilikuwa na kichwa kikubwa siku hiyo, nikaamua viungo vyote viwe vya gundi, visiwe vya skrubu. Imara. Halifunguki mpaka kiama.

Msumari alisimama na brashi ya gundi mkononi, akanitazama, kisha akaichovya tena kwenye kopo.

Jumapili, 4 Mei

Mteja wa lile kabati la droo tano amepita karakana kurudisha bisibisi. Mwenzako aliisahau, anasema, siku ile alipoleta droo alfajiri.

Droo gani?

Zote tano. Alipanda nazo moja moja, mara tano, halafu akashuka akaomba maji. Saa tatu mkarudi nyote wawili na kabati lenyewe.

Nilibeba boksi. Boksi tupu lililovikwa blanketi! Na mluzi nilipiga. Na rafu ya vitabu bila shaka ilikuwa fremu tu, mbao zake zilishatangulia. Msumari ana miaka hamsini na minane na goti bovu, amepanda na kushuka ngazi za watu alfajiri ili mimi nijione simba.

Nimerudi nyumbani nimevimba. Mke wangu hakukana. Kamwambia kaka yake tangu Februari. Nikamkumbusha kiapo. Akaweka chini kisu cha vitunguu na kuniuliza: "Ulitaka nikupoteze kwenye ngazi za watu? Saratani nimeikubali. Kabati silikubali."

Nikamenya vitunguu vilivyobaki.

Nina hasira na aibu, na kila saa namfikiria Msumari na droo yake ya tano. Nampenda yule mtu. Sijawahi kumwambia na sijui pa kuanzia.

Na lipo lingine. Lile la milango mitatu. Milango inang'oka kwenye bawaba, sawa. Mwili wake ni mninga na gundi. Safari hii Msumari hana cha kutanguliza.

Alhamisi, 8 Mei

Tumepaka vanishi siku nzima. Mara nne nimefungua mdomo. Mara nne nimeuliza habari za goti lake. Anasema goti ni zima kabisa.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nimeketi kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kwa penseli ya kazi. Kabati limesimama kwenye kona ya ngazi, kamba bado zimo. Msumari amekwenda kupandisha mlango wa mwisho.

Mpaka hapa nilishika chini. Ghorofa ya kwanza kwa ubishi. Ya pili sijui kwa nini, mapaja yalikuwa yanatetemeka mpaka kabati likawa linagonga ukuta, na Msumari juu alikuwa ananyamaza, yeye ambaye huwa haachi kutoa amri. Nilipolitua nilisikia moyo masikioni.

Ameshuka. Kanikuta na daftari. Kauliza kama napima kitu. Nikasema ndiyo. Akasubiri. Kisha akanipita, akazunguka kabati, akainama upande wa chini, akaweka mikono pale ninapowekaga yangu.

Nikamwambia: "Shemeji, mimi sina presha. Nina saratani."

"Najua."

"Najua unajua. Nilitaka nikwambie mwenyewe."

"Haya, umeniambia. Shika juu."

Nikamkumbusha goti. Akasema goti ni lake. Nikamwambia tuite wapagazi, basi, nimeshindwa, nasema kwa mdomo wangu. Kacheka, akasema angenibana tangu siku ya gundi kama angejua maneno hayo yanatoka. Kapiga simu. Wapagazi wawili wako njiani, ila kona hii ni nyembamba na majirani wanataka kupita. Lazima tulisogeze ngazi nne, sisi wawili, sasa hivi. Mwalimu mkuu anatuhimiza kwa sauti kutoka ghorofa ya nne kama tuko darasani.

Msumari ameinama chini, ananisubiri. Mimi nimepanda, nimelizunguka, nimerudi kukaa na penseli. Miaka ishirini na miwili, na sijui mtu wa juu anashika wapi. Itabidi nimuulize.