Malka Tuliyosahau Kuichora

Minjila,
S.L.P. Garsen.
Jumapili, 21 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Nicholas,

Pokea salamu za nyumba nzima ya marehemu baba, zangu zikiwa mbele. U hali gani, na baridi ya Naivasha inakutendeaje? Wifi yangu Metrine hajambo? Na mwanenu Dhadho, kile kikohozi chake kimekwisha, au bado mnamjaza dawa za dukani? Mpeni asali, nitawatumia ya huku. Sisi tu wazima, ila magoti yanamsumbua mama akiinuka, na hataki kuambiwa apumzike. Jana nimemkuta shambani anapalilia.

Ningekupigia simu, lakini wewe ukipigiwa uko kazini kwenye maua ya watu, unaitikia "sawa dada, sawa dada," kumbe hukusikia lolote. Jambo lenyewe linahusu kile kipande chako cha kando ya mto, pale ulipokusudia kujenga. Nataka ulisome kwa macho yako, ukiwa umekaa.

Lakini kwanza niache nijisifu, maana nina haki. Kikundi chetu kimepata ruzuku. Naam, sisi wanawake wa Minjila uliotucheka kwamba tunakutana kunywa chai. Viliomba vikundi vingi, vikachaguliwa vichache, na chetu kimo. Tumepewa mbegu za pojo, mafunzo, seng'enge ya kuzungushia shamba lote, na mwisho wake pampu ya maji. Mimi ndiye mwenyekiti. Mweka hazina ni Hawo, yule Muorma aliyekuwa akituletea maziwa. Tulimtaka kwa sababu ya samadi ya ng'ombe wake, tukabaki naye kwa sababu ya akili yake.

Mwalimu alitufundisha kupanda pojo kwa mistari na kuzianika juu ya turubai. Mama alicheka sana. Alisema tangu azaliwe hajaona pojo zinazotandikiwa kama bibi harusi. Basi mavuno ya masika tukayaanika vivyo hivyo, tukapepeta, tukachambua, na mnunuzi wa Malindi akaja na lori lake mpaka shambani. Alitia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akautoa, akatazama kiganja. Hakuona mchanga wala jiwe. Nicholas, miaka yote tumeuza kwa mabroka wa barabarani kwa debe lililobonyezwa likatoka tumbo, na siku hiyo zilipimwa kwa mizani mbele ya macho yetu. Nililia, na sikuona haya.

Mnunuzi anataka kuendelea nasi, lakini anataka pojo za mwaka mzima, si za mvua tu. Ndiyo maana ile pampu ni roho yetu. Bila pampu hakuna pojo za kiangazi, na bila pojo za kiangazi yeye atakwenda kwa wengine.

Sasa sikiliza tulivyokaribia kuipoteza. Wenye mradi wa ile ruzuku walitaka ramani ya shamba. Tulikaa kanisani na karatasi kubwa ya manila tukachora mfereji, miembe, stoo, hata choo. Malka hatukuichora. Hakuna aliyekusudia, ila nani huchora njia ambayo kila mtu anaijua? Babu zetu Wapokomo walilima huku na huku ya njia ile ya ng'ombe, na Waorma wakashuka nayo mtoni kila kiangazi, hata sisi hatuioni tena. Na usidhani tulimficha Hawo. Hawo ndiye aliyeshika kalamu.

Mwezi uliopita tulipelekwa Bura kuona wenzetu wanavyogawana maji ya mfereji. Huku nyuma fundi wa mradi akaja, mgeni wa mbali, akaifuata ramani yetu kwa uaminifu wote. Tuliporudi tulikuta seng'enge imenyooka toka mwanzo wa shamba mpaka mwisho wake, na hakuna hata mahali pa kupitisha mbuzi. Wahenga walituonya tuzibe ufa, sisi tukaziba njia.

Na kiangazi kilikuwa kimekaza. Hawo alipigiwa simu kwamba ng'ombe wa mzee Jatani, Muorma mwenzake, wamekwisha kuteremka kutoka malishoni, kesho yake asubuhi watafika mtoni. Wewe na mimi tuliyaona ya miaka ile, ng'ombe walipoyaona maji na njia ya kuyafikia hakuna, na majirani wakageukiana. Sitayaandika hapa.

Wenzangu wengine walisema tusiguse kitu. Mkataba unasema mali ya mradi haiondolewi mpaka ikaguliwe, na kikundi kitakachoiondoa hakitapata pampu. Hawakukosea kuogopa, hata mimi niliogopa. Lakini nilichukua mtaimbo nikaanza na nguzo ya kwanza, na Hawo akashika ya pili. Kisha wakaja wote, na wale waliopinga wakawa wananilaumu huku wanachimba. Mpaka magharibi malka ilikuwa wazi.

Asubuhi ng'ombe wakapita. Vumbi lilikuwa jingi hata hatukuonana, ila hakuna ng'ombe aliyeingia shambani, maana vijana wa Jatani walijipanga kando kando wakawazuia. Mzee mwenyewe aliuliza haya mashimo ni ya nini. Nilipomweleza habari ya ramani alicheka mpaka akaegemea fimbo yake.

"Ng'ombe hapana jua ramani, mama," akasema. "Yeye jua maji tu."

Afisa wa mradi hakucheka. Alifika, akaona nguzo zimelala chini, akasema pampu itabaki stoo Garsen mpaka jambo hili liamuliwe. Kukaitishwa mkutano Jumanne iliyopita. Mchungaji alifungua kwa sala na sheikh akafuatia kwa dua, watu wakakaa. Nilisimama nikaeleza kwamba kosa ni letu, si la fundi, na kwamba ningeng'oa tena. Jatani naye alisimama akasema wakulima hawa wameweka mali yao hatarini kwa ajili ya ng'ombe wake, na kuanzia sasa ng'ombe akiingia shambani kwetu, wa kuulizwa ni yeye. Sijawahi kusikia mzee wa kifugaji akisema hivyo mbele ya watu, na nilijivunia sisi sote, wao na sisi.

Afisa akalainika. Alisema seng'enge inaweza kuwa vipande viwili, malka ipite katikati, lakini iwe pana ya kutosha ng'ombe wasijikwaruze. Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mafuriko ya mwisho yalikula ukingo wa upande wa chini, kwa hiyo malka haina pa kupanukia ila upande wa juu. Upande wa juu ni kipande chako, na itakula pale pale ulipotaka kuweka nyumba.

Afisa akauliza mwenye kipande yuko wapi, na anasemaje. Watu wote wakanigeukia.

Nikasema amekubali. Nilisema kwa sauti, hata wa nyuma wakasikia.

Sikusema kwa kuwa mimi ni mkubwa wako. Nilisema kwa kuwa nakujua. Baba alikupa kipande chenye udongo mzuri kuliko wangu, na sikukuonea wivu hata siku moja, kwa sababu niliona wewe si mtu wa kushikilia kitu mpaka kimdhuru jirani. Najua nyumba ile umeiota tangu umuoe Metrine, nami sitakuambia ni jambo dogo. Basi jenga kwangu. Nimekupimia sehemu yangu ya nyuma ya nyumba ya mama, pameinuka na mafuriko hayafiki, na mama anakuwa karibu na mjukuu. Hiyo ni yako hata ukinikasirikia.

Msalimie sana wifi yangu, na umwambie ndengu zake za huko bara sisi tunaziita pojo, na zetu ni tamu zaidi. Mbusu Dhadho kwa niaba ya shangazi yake. Mama anakusalimu, Hawo pia, na mzee Jatani amesema ukija ameshakutengea ndama. Mungu awape afya, riziki na usingizi mtulivu.

Afisa anarudi Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa kuchukua sahihi yako, na pampu iko stoo inaingojea. Omba ruhusa uje. Usipokuja, nitakuwa nimedanganya mbele ya mchungaji na sheikh, wote wawili siku moja.

Dada yako akupendaye, na aliyekwisha kukusemea,

Dinah Buya