Nimeyatoa ya Ndani, na Somo Yangu Amejua

Ijumaa, alasiri. Mawingu tangu asubuhi, mvua hainyeshi.

Filamu iliyotokana na riwaya yangu imeonyeshwa Jumapili iliyopita hapa Bagamoyo. Tangu hapo simu haipumui. Wanaume wazima wanasambaziana vipande na kucheka barazani. Wanawake wa mtaa wananipita upesi, salamu wanaitikia nusunusu.

Kitabuni, mwali anaingizwa ndani kufundwa, mlango unafungwa, sura inaisha. Nilijua adabu wakati ule.

Watengenezaji wa filamu wakaniuliza, humo ndani kunafanyika nini? Nami kwa kiherehere changu nikawaeleza. Nyimbo, mkeka, mafunzo yote. Nikawaonyesha hadi somo yangu, mwanamke aliyenifunda nikiwa mwali, anavyojipiga paja kabla ya kusema neno zito. Mwigizaji kalipiga vilevile! Mji mzima umemtambua Bi Zuhura.

Ni dada wa baba, anaishi Mkange. Ndiye aliyenicheza unyago nilipovunja ungo, na nilikula kiapo mbele yake kwamba ya ndani hayatoki.

Nimeyatoa.

Na binti yangu Salha kavunja ungo wiki hii. Kwetu, somo wa mama ndiye huambiwa kwanza, aje amchukue mtoto amfunde. Siku nne nashika simu naiweka. Wallahi sijaogopa hivi hata siku ya kujifungua.

Leo saa nane Bi Zuhura kaja mwenyewe, bila kuitwa. Nikapiga magoti, shikamoo somo. Akaitikia, akakaa, maji niliyompa hakuyagusa. Nikamweleza habari ya Salha.

Akauliza, umewaambia mangapi?

Nikasema yote.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza, angenitukana hata matusi ya nguoni! Alijitanda kanga yake taratibu, akasimama.

"Basi mimi sina la kumfundisha mwanao. Mpe simu atazame, kama wanavyotazama wanaume."

Akaondoka. Sikuthubutu hata kumsindikiza hadi barabarani.

Salha yumo chumbani, kasikia kila neno. Ananiogopa mimi sasa, au ananionea haya, sijui. Hajatoka.

Kesho asubuhi nakwenda Mkange kuomba radhi, nikapige magoti mlangoni hadi anifungulie. Asipofungua, mwanangu nitamkabidhi kwa nani, na ni mwanamke gani wa mji huu atakayekubali kuingia ndani pamoja nami tena?